Mwali Amekula

Mtani wangu Shomari,

Wewe Mzaramo, mimi Msukuma, na miaka yote tuliyofanya kazi reli, wewe gadi wa treni, mimi karani wa stesheni, hatukuambiana neno la heshima hata moja. Sitaanza leo kwa sababu umekufa.

Kwenye mazishi yako pwani nilituaibisha. Ndugu zako waliposikia mtani ametoka Shinyanga, walingoja, kama ilivyo ada ya watani, nizuie jeneza, nidai kuku, niseme umekufa kwa uvivu. Nikafungua mdomo, nikalia kama ndama. Shangazi yako akauliza, "Huyu naye mtani gani?"

Habari za huku: kota yako ya reli amepewa gadi mwingine, kijana mpole, hajui kutukana. Tangi lako la vioo tulilibeba watu sita hadi kwangu. Mwali alisafiri kwenye beseni la kufulia, majirani wamejaa milangoni wakiniuliza: "Karani, huyo papa si atakula watoto?" Nikawaambia mpaka sasa anakula sato wangu tu.

Nakumbuka ulivyomleta akiwa bado yai, ndani ya chupa kubwa ya peremende, umeipakata kwenye behewa la gadi toka Dar es Salaam. Kitu cheusi, kama pochi ya ngozi. Nikasema huo ni mfuko wa ugoro wa babu yako. Ukasema, "Nyie mnajua ng'ombe tu. Ngoja." Akatoka papa wa urefu wa kidole, ana mistari, na sisi wazee wawili tumeinama juu yake kama wakunga. Ukamwita Mwali, kwa kuwa amewekwa ndani na haruhusiwi kuonwa na wanaume. Mimi ulisema sihesabiki.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Mtani, nilikaribia kumuua.

Unajua jua la huku. Kila siku mbili tatu maji ya tangi yanashuka upana wa kidole. Wewe ulikuwa unajazia maji ya mvua kutoka kwenye pipa, nami nikadhani ni ubahili, unabania yale madumu ya maji ya bahari uliyokuwa ukija nayo. Ulipoondoka nikasema, sasa mtoto wa watu atakula raha. Kila yakishuka, namtilia maji ya bahari. Kwa moyo mweupe kabisa.

Akaacha kula. Akalala kwenye kona, matamvua yakipiga mbio kama mtu aliyepanda mlima. Nimuulize nani? Shinyanga nzima aliyejua kufuga papa ulikuwa wewe. Gadi mpya alinishauri nimchemshe kabla hajaharibika. Siku nane nilikaa mbele ya kioo na kipande cha samaki mkononi, nikimbembeleza kama mtoto anayekataa uji.

Jumapili, nikifuta ukoko mweupe kwenye ukingo wa tangi, nikalamba kidole. Chungu! Hapo nikamwona mama yangu kule Didia, anachuja udongo wa chumvi wa mbugani, anachemsha yale maji hadi yakauke. Maji yanakwenda zake, chumvi inabaki chunguni. Kuni za moto ule nilizikokota mimi, utoto wangu wote. Na bado sikujua kwamba jua linachemsha tangi vilevile, na kwamba kila dumu nililomwaga lilimwongezea chumvi juu ya chumvi. Wewe ulijua. Hukuniambia kwa sababu sikuuliza, nilikuwa nakucheka.

Nikachota ndoo ya maji ya tangi nikamwaga, nikarudishia maji ya mvua. Kidogo kidogo, siku nne, nisije nikamshtua.

Asubuhi hii ametoka kwenye kona. Amekuja polepole, amepapasa vidole vyangu, akanyakua kipande cha samaki nilichokishika. Halafu mkia, pwaa! Shati lote la kazini limelowa. Nikageuka nikicheka, nikasema kwa sauti, "Mtani, amekula!"

Kulikuwa na kiti kitupu tu.

Nilisimama pale mpaka shati likakauka. Treni ya asubuhi ilipita stesheni bila mimi kuwapo. Jirani alichungulia dirishani akanipa pole, akidhani papa amekufa. Nikamjibu ahsante. Ningemweleza nini?

Basi lala salama, Mzaramo. Nakuahidi Mwali hatakosa maji ya mvua maadamu nina mikono ya kubeba ndoo, na nitakaposhindwa kumwelewa nitauliza, hata kwa wanaonicheka. Lakini habari ya leo ilikuwa yako, nami siwezi kulala nayo peke yangu.

Amekula. Vipande vitatu.

Masanja