Mama Furaha na ule mubavu mumoja

Deo, ndugu yangu wa musumeno,

Usishangae kuona barua yangu. Unajua niliachia masomo darasa la pili, lakini kalamu ya biki inanitii kuliko hawa vijana wa diplome, wanaoandika mpaka wanasahau walitaka kusema nini. Naandika mwenyewe. Hakuna muntu amenishika mukono.

Tumerudi kwenye kilima chetu, juu ya Mushaki. Tulikuwa Kitshanga, kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya maturubai ya shitingi. Nyumba yako haiko tena. Yangu iko, sababu mi njo niliijenga. Kaburi lako pia liko, na maharagi yamelizunguka vizuri. Nani anayapalilia? Mujane wako. Kila asubuhi anaanzia kwako. Kwenye shamba langu anafika jua likiwa kali.

Hapo njo naanzia. Nimekaa na huyu mama miaka kumi na tisa, nimezaa naye watoto watatu. Wewe ulizaa naye mumoja tu, Furaha, kisha homa ya tumbo ikakubeba. Lakini sokoni, kanisani, hata ndani ya nyumba yangu, watu wanamwita Mama Furaha tu. Mi papa wa watatu, ninapita nyuma ya mutoto wako. Na wewe umelala, hata hujatoka jasho.

Kisha pasta. Kule kambini alihubiri Adamu na Eva. Akasema Mungu alimulaza Adamu usingizi, akatoa mubavu mumoja, akaumba mwanamke. Basi kila mwanamke iko mubavu wa mwanaume mumoja tu, na siku ya ufufuo kila mubavu utarudi kwa mwenyewe. Mama Furaha alisikiliza ameinamisha kichwa. Jioni akaambia watoto: "Siku yangu ikifika, munizike kando ya Papa Furaha." Mbele yangu, Deo. Mi nikiwa na tonge la bugali mukononi.

Mi si muntu wa kushindwa na pasta mumoja. Tuliporudi nikatafuta mafundisho mengine. Kuna muntu mumoja wa kabila la Wanande, ana duka Mushaki, Mukatoliki, akanipeleka kwa padri wake. Padri alicheka kidogo. Akasema: "Papa, ile habari haikuandikwa ili tuhesabu mifupa. Inasema mume na muke ni mwili mumoja. Kifo kikipita, anayebaki iko huru." Nilipanda kilima kama kijana. Nikamuletea Mama Furaha lile neno kama vile namuletea kuku. Nikaongeza na langu, ambalo hata padri hana: Adamu alikuwa amelala wakati Eva anaumbwa, basi mwanamke ni wa yule aliyeamuka akamukuta. Nikamwambia: "Deo analala. Mi njo niko macho."

Alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuinua uso. Akasema: "Nyinyi munabishana juu ya mufupa. Mi nasoma kule mbele. Adamu alikuwa pale pale, alikula lile tunda naye. Mungu alipouliza, akasema ni huyu mwanamke." Akakohoa, akaendelea na sombe yake.

Nikatoka, nikaenda kutafuta biki.

Wewe hujui jambo hili, tulikuwa tumekwisha kukuzika. Mwaka mumoja baada ya kifo chako, wazee wa kanisa walituita, sababu tumbo lake lilikuwa linaonekana na hatujabarikiwa ndoa. Wakauliza nani alimufuata mwenzake. Ukweli ni huu: mi njo nilikwenda kwake. Hakuniita. Nilibeba mabati mawili, nikasema paa lake linavuja. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa, hata siku isiyo na mvua. Lakini mbele ya wazee nikasema: "Ni huyu mama aliniita." Mi wakanirudisha kwenye meza ya Bwana baada ya mwezi mumoja. Yeye wakamukalisha benchi la nyuma mwaka muzima, na mutoto mugongoni. Hakubisha. Hakunikumbusha hata siku moja, mpaka ile sombe.

Kwa hiyo wivu wangu hauko wa mubavu tena. Unakumbuka kule Walikale, tulipopasua mbao? Mi juu ya gogo, wewe chini, unga wa mbao unakujaa machoni. Siku ile ubao ulikwenda mushazari, na ni mukono wangu, niliangalia pembeni. Mwenye mbao akauliza ni nani ameharibu. Ukasema: "Ni sisi." Mi nikajificha ndani ya ile "sisi" yako. Mi mupasuaji hodari kuliko wote wa njia ya Walikale, kila muntu anajua, lakini lile neno dogo sikuliweza. Lingeweza kumuokoa hata Adamu.

Mama Furaha anajua wewe ungesema nini mbele ya wale wazee. Hapo njo unanishinda, na huwezi kufa mara ya pili ili nikufikie.

Kikohozi chake hakiishi, hata dawa za centre de santé hazikimalizi. Basi nakuahidi: Jumapili nitasimama mbele ya kanisa, niseme ni mi nilimufuata, na mabati yangu mawili. Wazee wengi wa siku ile wako huko kwako, nitawaambia waliobaki. Watacheka. Wacheke.

Akisikia yote na bado anataka kulala kando yako, sitabisha. Nitachimba mwenyewe, hakuna kijana kwenye kilima hiki anachimba kama mi. Ila na mi nitachagua nafasi yangu, upande wake wa pili. Adamu alikuwa na mbavu pande zote mbili. Ule uzi wetu wa kupimia mbao, ule wa kupaka makaa, niko nao bado. Nitaunyoosha toka kwako mpaka kwangu, na yeye nitamuweka katikati kabisa.

Baki salama, Deo. Endelea kulala. Nitapima kwa haki, nimekuahidi. Lakini unanijua: upana wa kidole kimoja nitamuvuta upande wangu.

Mi, Zakaria