Ulipopiga Magoti Mlangoni mwa Stoo

Mama Apio,

Agosti iliyopita tulikupoteza wewe, na siku hiyo hiyo ukumbi wetu wa kushona ulipoteza mtu pekee aliyekuwa akiinuka. Presha ilikuchukua Jumapili. Wiki haikwisha, mashine yako ikapewa msichana mwingine. Anaitwa Atim, binti wa askari magereza, ana miaka kumi na tisa. Anashona kola vizuri kuliko nilivyoshona mimi nikiwa na umri wake, na ndiye sababu ya barua hii.

Nakuandikia kwa Kiswahili kile kile cha kambi za askari tulichozungumza, wewe mtu wa Tororo na mimi wa Nakaloke, kando ya Mbale. Kulia nililia kaburini. Leo nina hasira.

Bwana Kirunda, msimamizi wetu, hajabadilika. Bado anasimama nyuma ya kiti cha msichana, anaweka mkono begani kana kwamba bega ni meza, kisha anasema, "Twende stoo ukanichagulie vifungo." Vifungo, Mama Apio. Mtu amesimamia washonaji miaka minane, hajui kuchagua vifungo.

Wewe ulikuwa unaacha mashine, futi ya kupimia shingoni, unatembea bila haraka, unapiga magoti katikati ya mlango wa stoo na kuanza kumsalimia. Kirunda, mtoto wa Budondo aliyelelewa na watu, ambako salamu ya magoti haikatizwi, angemruka vipi mwanamke aliyepiga magoti, tena wa umri wa mama yake? Ilibidi asimame ajibu. Habari za nyumbani. Watoto je. Mke je, na mke ulimtaja kwa jina. Mguu wa mama mkwe. Ng'ombe aliyezaa. Binadamu na mifugo wakikwisha, uliingia shambani: "Na ule mhogo wa nyuma ya nyumba, bwana, umepona?" Jasho lilimtoka. Yule msichana alikuwa ameshapita ubavuni mwako, amerudi kwenye kiti chake, anatia uzi.

Sisi tulikuwa tunakufa kwa kicheko. Tulikuita Redio.

Hatukuona ulichofanya baadaye. Wasichana ndio walioniambia, wakati umeshazikwa. Kwamba wakati wa uji ulikaa karibu na yule aliyeitwa stoo, ukamuuliza anataka nini: umsindikize kwa mwenye kiwanda, umhamishie kiti karibu nawe, au unyamaze. Hukumwamulia. Akisema unyamaze, ulinyamaza, lakini kesho yake ulimuuliza tena.

Sasa hakuna anayeinuka. Tuko wanawake kumi na saba, Kirunda mmoja. Mimi niliacha shule darasa la tano, nikaanza na cherehani ya mkono kwenye baraza la duka la watu, lakini hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Nikawafuata mmoja mmoja kuwaomba tuinuke. Mama Sifa akaniambia, "Mimi mjane, Khainza, usinitafutie balaa." Rose, yule anayekaa kambini Kimaka na mume wake mwanajeshi, akasema mbona Atim mwenyewe anacheka akishikwa. Nikamuuliza, "Na wewe afande wa mume wako akikutania hucheki?" Akainamia mashine yake. Lakini aliyeniudhi kabisa ni yule aliyesema kwamba kazi ile ilikuwa ya Mama Apio. Kama vile uliajiriwa kwa ajili hiyo. Kama vile ulipewa posho ya magoti.

Basi nikaenda mwenyewe. Mwezi uliopita Kirunda alipomwita Atim, niliacha kukata kitambaa, nikapiga magoti pale pale ulipokuwa ukipiga, nikauliza habari za nyumbani. Akajibu, "Wazima. Rudi kazini." Nikauliza mke. "Mzima." Akatazama juu ya kichwa changu, ndani ya ukumbi, kisha akazunguka magoti yangu kama mtu anayekwepa ndoo. Nilibaki sakafuni, nimeshika fremu ya mlango. Atim alitoka mwenyewe, shati limekunjamana, hana kifungo hata kimoja mkononi.

Nilikasirika siku nzima, nikidhani nimekosa ulimi wako. Hadi nilipojiuliza alitazama nini juu ya kichwa changu. Alitazama watu, Mama Apio, akaona visogo. Mashine zote zilikuwa zinalia. Enzi zako, ukipiga magoti tu, mashine zilinyamaza kwa sababu kila mmoja alitaka kusikia leo utauliza nini. Miguu ilitoka kwenye kanyagio, shingo zikageuka. Yeye alijibu habari za mhogo kwa adabu kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Magoti yako yalimsimamisha, lakini tulimshika sisi kwa macho. Tulikuwa tunasaidia bila kujua, kwa umbea wetu tu, na sasa tunapojua, ndipo tumeacha!

Nikawarudia. Nikawaambia sitaki mtu apige magoti, sitaki mtu aseme neno. Akimwita msichana, toeni mguu kwenye kanyagio, geukeni, tazameni. Basi. Hakuna aliyefukuzwa kazi kwa kugeuza shingo. Sita wamekubali. Tisa wanasema wataona wengine watafanya nini, na kila mmoja wa hao tisa anawasubiri wale wanane.

Na Bwana Kirunda hasubiri. Alhamisi hii pikapu ya kiwanda inakwenda Mbale kuchukua vipimo vya sare za shule. Unajua siku zote tulikwenda wanawake wawili, mmoja apime, mmoja aandike. Safari hii amemchagua Atim peke yake aende naye, na watalala huko. Nilimuuliza Atim kama ulivyokuwa ukiwauliza wenzake. Akasema, "Nataka kazi yangu, auntie. Na sitaki kwenda naye peke yangu." Maneno hayo hayo nikayapeleka kwa mwenye kiwanda, yule mzee wa Kihindi aliyerudi kutoka Uingereza Wahindi waliofukuzwa nchini waliporudishiwa mali zao. Unamjua, si mkatili, ni mtu wa "tutaona". Akaniambia fununu hazimtoshi, aletewe walioona kwa macho yao.

Walioona! Tumeona sote.

Kwa hiyo nimewaita wote wawe uani Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, mzee anapofungua geti na pikapu inapowashwa. Mbele ya dereva, mbele ya Bwana Kirunda, kila mmoja aseme aliloliona. Sijui watakuja wangapi. Wakija wote, Atim hatapanda gari lile. Nikijikuta na Atim peke yetu, nitapanda nyuma pamoja naye, nitaandika yeye apime, na usiku atalala Nakaloke kwa mama yangu, hata kama kesho yake sina kazi. Hilo nakuahidi, na unajua sijawahi kukuahidi kitu nisikitekeleze.

Apio anaendelea vizuri shuleni, pacha wake naye ameanza kuvaa nguo zako. Lala salama, mama. Udongo wa Tororo usikuelemee.

Ila kuna jambo sikukuuliza ulipokuwa hai, na wenzangu wananiuliza kila siku. Mama Sifa anasema wewe uliumbwa huna woga, ndiyo maana uliweza, sisi tuachwe. Kama ni kweli, sina la kumjibu. Kama si kweli, nataka kusimama uani niwaambie. Ulipokuwa unaacha mashine na kuelekea mlango ule, ulikuwa unaogopa? Njoo hata ndotoni, lakini usinisalimie, usiniulize mhogo. Nijibu ndiyo au hapana, kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili.