Kidude cha Moshi na Jiko la Mama

Jumamosi, 5 Julai 2025
Zawadi ya Mustafa imefika! Mwenzake wa Doha kaja likizo, kaileta. Nilidhani nguo za mtoto. Kumbe king'ora cha moshi — kidude cheupe, duara, kama kifuniko cha sufuria. Tangu nyumba ile ya barabarani iungue hapa Kabuku mume wangu hana raha. Kila akipiga simu anauliza kama tumezima mshumaa.
Fundi amekifunga darini, chumbani kwangu. Jioni mama mkwe kakaanga dagaa uani, dirisha wazi — mlio! Ikram akashtuka kwenye titi. Mama akaja mbio, akakipepea kwa kanga huku anacheka mpaka machozi. Eti sasa hata dagaa tutakaanga kwa kibali.

Jumatano, 9 Julai
Baridi. Manyunyu tangu jana. Mama ameniletea jiko la mkaa chumbani, mzazi asipigwe na baridi kabla ya arobaini. Watoto wake wote aliwalea hivyo. Mkaa anauwasha nje, anausubiri ukolee uwe mwekundu mtupu, ndipo anauingiza na kufunga mlango na dirisha. Kidude kimya. Mama akakinyooshea kidole: unaona, hata chenyewe kimekubali.
Joto tamu. Ila kichwa kinauma. Labda ni damu niliyopoteza.

Jumapili, 13 Julai
Kichwa tena. Na kichefuchefu. Mama ananipikia uji wa pilipili manga, ananikanda, hachoki. Ikram analala mno. Mpaka nimfinye sikio ndipo anyonye. Swaumu jirani kaja kumtazama, kasema nina bahati, watoto watulivu hawapatikani.
Mimi utulivu huu siupendi.

Jumatatu, 14 Julai
Kituo cha afya. Mama alinuna kwa kuwa natoka kabla ya arobaini. Malaria hakuna. Damu si mbaya. Ajabu — njiani kichwa kiliacha chenyewe! Na Ikram alilia foleni nzima, kwa sauti ya kudai haki yake.
Nesi Catherine akaniuliza kama tunaweka jiko ndani. Nikasema ndiyo, ila tuna king'ora, na hakijalia hata mara moja.
"Hicho kinasikia moshi," akasema. "Mkaa uliokolea hauna moshi. Unatoa hewa ya sumu, haina rangi wala harufu. Kidude chenu kitakaa kimya mpaka mwisho. Vipo vya hewa hiyo, lakini ni vingine."
Mpaka mwisho. Alivyolisema hilo neno!

Alhamisi, 17 Julai
Siku tatu za maneno. Mama anasema manesi wa siku hizi hawajazaa. Nimempigia Mustafa awe shahidi wangu — kawa wa mama yake. Kidude amekinunua dukani Doha, si cha mtaani, kikinyamaza maana yake mko salama. Nikamwambia si kazi yake hiyo. "Shamimu," akasema, "acha woga wa uzazi."
Leo nimelibeba jiko mwenyewe, nikalitoa barazani. Mama akaniangalia tu. Hakula mchana. Usiku hakula.
Nimelala na baridi. Kichwa hakiumi. Ikram ameamka kunyonya mara kwa mara. Nimechoka, namshukuru Mungu.

Ijumaa, 18 Julai
Mama ameongea! Alirudi kutoka kwa Swaumu na maziwa ya mgando, akanimiminia kikombe. Akasema macho yangu yamezama, nimekesha. "Leo nitalala na mjukuu wangu. Akilia kwa njaa nitakuletea. Wewe lala, mwanangu."
Nikauliza jiko.
"Litakaa nje. Si ndivyo mnavyotaka?"
Nimeliona barazani kwa macho yangu. Amemfunika Ikram shali lake, anamwimbia Kizigua. Mvua inaanza. Nafumba macho kwa mara ya kwanza wiki hii bila ugomvi ndani ya nyumba.

Jumamosi, 19 Julai
Korogwe, hospitali. Naandika huku nasubiri.
Nimeamshwa na maziwa. Matiti yamejaa yanauma kama jipu, shuka imelowa, nje kumekucha. Hakuna aliyelia usiku. Hakuna aliyeniletea mtoto.
Barazani hakuna jiko.
Mlango wa mama ulikuwa umefungwa, chini umezibwa na kanga, upepo usipite. Nimeusukuma kwa bega. Chumba kina joto. Jiko kando ya kitanda, limebaki majivu. Mama chali, uso mwekundu kama mwenye homa. Ikram kifuani pake, ndani ya shali. Nimempiga makofi miguuni. Nimempeleka mvuani. Sijui nilipiga kelele gani, Swaumu anasema alidhani nyumba inaungua. Majirani wakamburuta mama nje na godoro lake.
Kituoni Nesi Catherine alipotuona akasema twende Korogwe moja kwa moja. Castory, jirani mwenye gari, ametuleta na Noah yake, madirisha yote wazi, mvua inatupiga. Njia nzima nilimwekea Ikram titi mdomoni. Hakuvuta. Anapumua — nilikuwa naona kitovu kinapanda.
Wamemchukua, wamefunga mlango.

Saa sita. Mama amefumbua macho, ana mpira wa oksijeni puani. Nimemwambia shikamoo.  Ameniuliza, "Amenyonya?"
Nimesema ndiyo, mama.
Akalia kwa furaha. Akasema alihofu mtoto atapata baridi, mvua ilikuwa kubwa.
Mustafa anapiga. Anapiga tena. Sijapokea.

Nesi wa wodi ya watoto ametoka. Tangu asubuhi ananiita mama Ikram — mama Ikram kaa hapa, mama Ikram kunywa maji. Sasa amesimama mlangoni, ananiita Shamimu.