Sauti Nyuma ya Mkeka

Jinja, 14 Desemba 1996

Mpendwa dada yangu Nandutu,

Pokea salamu za mtu ambaye mkuu wa gereza hapa hanywi chai kabla hajamuuliza siku itakwendaje. Mtu huyo ni mimi, kaka yako. Mzima, isipokuwa goti. Na wewe, kifua kimeacha kubana? Watoto hapo Namatala hawajambo? Naandika Kiswahili ili shemeji Rajab akusomee bila kukwama.

Dada, nimekuwa msanii. Mwalimu Gorreti wa hapa Mpumudde alitafuta mtu wa kuwachezea watoto siku ya kufunga shule. Nikamwambia zamani watu walikuwa wanatoka mpaka Kenya kuja Mbale kutazama wanasesere wangu. Nilikuwa naongea tu, unanijua, lakini yeye akaandika jina langu. Janepher mke wangu akasema safari hii mdomo wangu umenifunga mwenyewe.

Basi nikatafuta maganda makavu ya mgomba. Nilidhani mikono imesahau. Kumbe ilikuwa inaningoja. Ilisokota shingo ya yule mwanasesere wetu wa zamani, Bibi Kidevu, kama ya jana. Nikamvika soksi yangu ya kazi. Siku tatu sikuonekana kwenye pombe ya malwa, wenzangu wakadhani naumwa.

Siku yenyewe nikajificha nyuma ya mkeka uliotundikwa, nikaanza. Dada, iliyotoka ni sauti ya gwaride. Watoto wakanyoosha migongo kama wafungwa wanaohesabiwa, mmoja wa mbele akalia. Mwalimu Gorreti akaja kuninong'oneza kwamba, tafadhali Afande, hapa hakuna aliyekamatwa. Nikatamani kutoroka, mimi ambaye kazi yangu ni kuzuia watu wasitoroke.

Hapo Bibi Kidevu akanigeukia. Kwa sauti nyembamba akauliza nani kaniruhusu kupumua, akaniamuru nisimame, nionyeshe kucha, nimwombe msamaha yule mtoto. Nikasimama, kichwa kikatokea juu ya mkeka, nikaomba. Walicheka mpaka wakaanguka kutoka kwenye mabenchi. Yule aliyelia akadai Bibi anikague na masikio. Toka hapo maneno yalikuja yenyewe, mengine sijui yalikuwa yanakaa wapi miaka yote. Januari wananitaka tena.

Sasa shemeji Rajab, hapa usiruke. Siku zote nimekuambia kwamba mimi ndiye nilikuwa nawasemesha wale wanasesere. Si kweli. Mimi nilishika kijiti tu. Aliyesema ni mke wako, amejikunja nyuma yangu, na watu waliponisifu alinyamaza.

Dada, ile sauti nyembamba iliyodai kucha ni yako. Niliichukua bila kuomba. Njoo Januari ukae nyuma ya mkeka, safari hii nitaje jina lako mbele ya watu. Ukinikataza kuitumia, sitaitumia. Maneno ninayo sasa, nitayatafutia sauti yangu.

Wabusu watoto, waambie mjomba wao anawashonea Bibi mwingine.

Ndimi kaka yako,
Wamboga

Nimesahau moja. Bibi aliponiamuru kwa sauti yako nisimame, nilipiga saluti. Ile haikuwa mchezo.