Ndoana Ulizozipanga Kushoto

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinifundisha nisianze neno na mkubwa bila salamu.

Unakumbuka nilivyokuwa nakupangia migonzo hapa Nkome? Kamba ndefu ndani ya sanduku la mbao, ndoana zaidi ya mia zimepachikwa ukingoni, ili ukiitupa ziwani zitoke moja moja zisishikane. Mimi natumia mkono wa kushoto, nikazipanga kinyume. Siku ya kwanza zilikunasa shati mpaka suruali, wavuvi wa mwalo mzima wakacheka. Wenzako wakasema, "Mzee, mzoeshe binti yako mkono wa kulia." Ukawajibu, "Ng'wanone, mwanangu huyu, hageuzwi. Nitageuka mimi." Tangu hapo ukawa unakaa mtumbwini umegeukia upande usio wako, nami nikaitwa Mashoto.

Kisha nikataka kwenda Bugarama kupikia wachimbaji. Ulinikataza. Nikakujibu kwamba nimechoka kunuka sangara kama wewe. Mdomo wangu huu, Baba! Ukaendelea kunoa ndoana. Miaka sita sikurudi. Nilikuwa nampigia simu mama tu, nikiiogopa sauti yako.

Nimefika siku tatu baada ya mazishi, na swali moja kifuani: uliondoka na kinyongo nami? Nilimuuliza mama. Alinishika mkono akanipeleka stoo, akafunua sanduku. Ndoana zote zilikuwa zimepangwa kushoto.

"Kila akitoka ziwani alikuwa anazipanga hivyo," akasema. "Nikimwambia anajisumbua, ananiambia, 'Akirudi Mashoto, ataikuta kazi yake kama alivyoiacha.'"

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Miaka sita uliendelea kukaa kinyume ndani ya mtumbwi, na mimi hata salamu sikukutumia. Nisamehe, ingawa naona ulishanisamehe zamani.

Kesho Mashaka, mdogo wangu, anaingia ziwani na migonzo yako. Yeye anatumia kulia, unamjua. Nimeshinda leo nikizipanga kulia, taratibu, kwa mkono usiozoea. Nimejichoma mara tatu. Mashaka kaniangalia weee, halafu akasema, "Dada, panga unavyoweza, mimi nitajigeuza kama Baba."

Nimemwambia hapana. Safari hii nageuka mimi.

Pumzika, Baba. Ziwa limetulia leo.

Mashoto wako