Ndugu Ndiye Anayeanza

Riruta,
Jumamosi asubuhi

Mdogo wangu Clifford,

"Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kuvishwa jezi. Sisi sote tulivishwa, na leo tumekaa ofisini." Hayo ni maneno yako. Uliyaandika juzi kwenye kundi la wanafunzi wa zamani, na watu thelathini na mmoja wakayapigia makofi. Nimeyatanguliza kabla ya salamu kwa sababu yamenikwama kooni, na nisipoyatema kwanza siwezi kukusalimu kama ndugu.

Sasa nakusalimu. U hali gani? Shemeji Emmah hajambo, na mgongo wake? Sikio lako la kushoto je, bado linatoa usaha wakati wa baridi? Mimi ni mzima wa mwili. Mama alipiga simu kutoka Ugunja akiuliza inakuwaje wanawe wawili waishi mji mmoja na wasiongee. Nilimwambia tuna kazi nyingi. Nilimdanganya.

Habari hii ya shule yetu ya zamani wewe uliipata kwa mwalimu mkuu, Bwana Kinyanjui, kwa simu, ukiwa umekaa huko Upper Hill. Mimi nilikuwepo. Kwa hivyo soma hadi mwisho, kisha unitukane.

Mwezi uliopita, nikiwa kocha, nilibandika tangazo kwamba timu ya raga inatafuta wanafunzi wawili wa kuwa mameneja, wabebe maji na barafu na mipira, na mmoja wa kupiga video, ili wachezaji wayaone makosa yao baada ya mechi. Nilipita darasa kwa darasa nikipiga domo. Niliwaambia wasio na misuli kwamba timu ni yao pia. Nilipata majina kumi na tisa, na aliyenipendeza kuliko wote ni Nthiwa wa kidato cha pili, mwembamba na mbishi. Alikuja na daftari, amechora uwanja wote na kutia alama mahali ambapo jua la saa kumi lingemharibia picha. Mama yake, anayeuza mitumba katikati ya jiji, alifunga biashara siku hiyo ili aje kutia sahihi. Aliniuliza kama mchezo huo unaumiza. Nilimwambia mpiga video hukaa nje ya mstari na haguswi.

Nthiwa nilimpa sheria moja tu, kwamba kamera haizimwi mpaka mimi niseme. Ijumaa ya wiki jana, mazoezi yalipokwisha, kamera ikiwa bado imesimama kwenye miguu yake mitatu, niliwaambia wachezaji kwamba naenda stoo kumletea mpiga video jezi yake. Unaijua maana ya maneno hayo. Walimu wetu pia walikuwa wakiyasema, kisha wakiwaachia wachezaji uwanja.

Kwenye video, kipigo chenyewe ni cha dakika nne. Wewe unataka ifutwe na hujaiona, basi nakusimulia. Wanamvisha jezi iliyolowekwa majini, kichwa na mikono ndani, na kuifunga shingoni. Nahodha ni Mulwa, mtoto wa mjomba wake Nthiwa. Anasikika akimwambia asimlaumu, ndugu ndiye anayeanza, asije mtu akasema anambeba. Anampiga ngumi ya tumbo. Nthiwa anacheka, Clifford! Anacheka humo ndani, akidhani yamekwisha. Wa pili anampiga teke. Wanamwita paparazi, wanamwambia acheke na kamera. Anapoanguka, wa sita anauliza mbona meneja analala kazini, na wote wanaangua kicheko, wanamwinua, wanaendelea. Kufikia wa tisa, jezi ya manjano ina damu mdomoni, na kitambaa kinaingia na kutoka anapotafuta hewa. Wa kumi na moja anarudi nyuma hatua tano, kisha anamkimbilia na kumwingiza goti ubavuni. Wanne wamebaki, na hakuna hata mmoja anayeruka zamu yake.

Nilipotokea walikuwa wakimmwagia barafu ya timu ili aamke. Taya lilivunjika. Bandama ilipasuka, madaktari wakaitoa usiku uleule. Mama yake hakunipigia kelele. Aliniuliza tu stoo iko umbali gani.

Kutoka uwanjani ni hatua themanini. Nilikaa huko dakika ishirini, nikikunja jezi iliyokuwa imekunjwa tayari.

Sasa wewe, wakili, umeandika kwamba kamera ilinunuliwa na wanafunzi wa zamani na kwa hiyo video ni mali ya shule, na kwamba tusiharibu maisha ya vijana kumi na watano. Na wa kumi na sita, ana maisha gani? Unasema kipigo kilitufanya wanaume. Uongo mtupu! Ofisi tulizipata kwa sababu baba aliuza ng'ombe tukasoma. Kipigo kilitufundisha kuzunguka mtu aliyefungwa kichwa na kungoja zamu zetu. Bwana Kinyanjui anataka kadi ya kamera mezani kwake Jumatatu. Hataipata.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1994, ulipokuwa kidato cha kwanza na ukaomba umeneja, nilikuambia siku ile ulipovishwa jezi nililala katika chumba cha wagonjwa, na kwamba Sammy, mwenzangu kwenye timu, ndiye aliyeanza kwa niaba yangu. Umemchukia Sammy miaka yote hii. Ulikataa hata kwenda kumzika. Clifford, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa wa kwanza. Niliogopa kuitwa mlezi wa mdogo wangu, nikakuzidishia: nilishika kiatu cha raga, nikakupiga nacho sikioni, upande wa njumu za soli. Sammy ndiye aliyekufungua jezi shingoni, akilia. Mama aliambiwa dawa ya malaria ndiyo iliyokuziba sikio, nami nikaitikia.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba hakuna aliyeumia. Wewe mwenyewe ulitokwa na damu mikononi mwangu.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama nitamweleza mwenyewe leo, kabla hajasikia kwa wengine. Barua hii isome kwenye kundi, neno kwa neno. Na ninyi thelathini na mmoja mliopiga makofi, ondoeni makofi yenu, kila mmoja aandike jina la yule aliyepigwa na mkono wake na jina la aliyempiga yeye.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni mwa kituo cha polisi na kadi hiyo mfukoni, pamoja na mama yake Nthiwa. Njoo, Clifford. Uwakili wako uache ofisini, uje na sikio lako. Watakapofungua kitabu na kuuliza nani wa kuandikwa, usimtaje Mulwa kwanza. Nitaje mimi.

Kaka yako,
Jackton Were