Jani la Isale kwenye Kofia ya Anga

Soweto, Moshi
14 Septemba 2025

Leo ni mwaka na miezi minne tangu niage kwetu Newala.

Mama Elizabeth mshauri wetu, shikamoo, nimekwama, nisaidie kabla Jumapili ijayo haijafika.

Mimi naitwa Hafidhi, ni saidia fundi, shule niliishia darasa la sita, mgongo umechoka kwa zege, lakini nina ugonjwa mmoja tangu utotoni, napenda hadithi za anga, roboti na watu wa sayari nyingine, nikizipata kwenye kibanda cha video au kwenye simu nasahau hata kula, basi niliposikia vijana wa huku wanaandaa wenyewe mkutano wa mashabiki wa hadithi hizo, kwenye ukumbi mmoja kule Old Moshi, na kila mtu aje na vazi la sayari anayoitaka, nikasema hapo sikosi.

Nafasi nilikuwa nayo kwa sababu wiki ile nilikuwa nimefukuzwa kazi. Fundi wetu mkuu, Mzee Theodory, alinifokea kwamba zege langu lina maji kama uji, nami kwa uchovu nikamjibu mbele ya vibarua wote kuwa anapiga kelele kwa sababu mwiko umeshamshinda. Sikujuta, nasema ukweli.

Nikashona vazi kwa mifuko ya saruji, nikalipaka rangi ya fedha, kioo cha kofia nikakikata kwenye dumu la maji, na asubuhi nikiwa napandisha Old Moshi nikaona kwenye mpaka wa shamba majani marefu ya kijani kibichi, nikakata tawi, nikalichomeka kwenye kofia liwe kama antena.

Mama, sijawahi kufurahi vile tangu nije huku. Watu wazima na akili zao wanabishana kama roboti anaweza kuwa msimamizi wa harusi, halafu mwalimu mmoja mstaafu akauliza, watu wakihamia Mirihi, wakifa watazikwa wapi? Binti mmoja akadakia, "Mchagga hata akifia Mirihi, Desemba atakuwa kihambani, kwenye migomba ya babu yake!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hakuna aliyeniuliza nimesoma mpaka wapi, waliniuliza tu, "Kaka, sayari yenu kuna mvua?"

Ikafika zamu ya mavazi, kila mmoja asalimie kwa desturi ya sayari yake, mimi nikachomoa jani moja, nikapiga goti, nikamnyooshea kwa mikono miwili mtu aliyekaa mbele, simwoni vizuri maana kioo kimejaa mvuke. Nikasikia, "Vua hiyo kofia."

Nikavua. Mzee Theodory! Kumbe binti yake Doris ni mmoja wa waandaaji, na wazazi walialikwa.

Akalitazama jani, akanitazama mimi. "Hafidhi, umeniletea isale mbele ya watu wote hawa. Nitakataaje? Nimekusamehe. Jumatatu njoo kazini." Akanikumbatia, koti lake la kanisani likageuka la fedha, akina mama wakapiga vigelegele.

Nje, Doris ndiye aliyenieleza kwamba kwao isale ni jani la kuombea msamaha, na anayeletewa hakatai. "Kumbe hukujua?" Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanishika mkono. "Usimwambie baba, nakuomba."

Maana Mzee ana kaka yake, Isack, kule Mkuu, Rombo, hawasemeshani miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba, na sasa anatangaza saiti nzima, "Kama mgeni wa Newala ameweza kunipigia goti, mimi nashindwaje kwa ndugu yangu?" Jumapili anampelekea isale na anataka niende naye. Nikimwambia ukweli huenda akaghairi, nikinyamaza, kila akiniita mwanangu najiona mwizi. Nifanyeje, Mama? Nategemea kurudi kwetu Novemba, wakati wa korosho, mke wangu Sikudhani ananisubiri, na sitaki kuondoka na jambo hili kifuani.

Hafidhi

MAMA ELIZABETH ANAJIBU

Marahaba, Hafidhi. Nimecheka mpaka chai imemwagika, sasa kaa nikuseme.

Isale hupandwa mpakani ili majirani wasigombane, na wewe umekata mpaka wa watu ukauvaa kichwani! Rudi kwa mwenye lile shamba, mwombe radhi, na kipande kilichobaki ukichomeke palepale. Isale huota.

Doris anampenda baba yake, lakini hapo amekushauri vibaya. Unaniuliza kama umwambie Mzee ukweli, nami nakuuliza, msamaha wenyewe umeuomba lini? Nimeisoma barua yako mara mbili, sikuuona. Ulimdhalilisha mtu mzima mbele ya vibarua wake, ukarudi kazini, na goti lenyewe ulilipiga bila kujua. Ndiyo maana akikuita mwanangu unajiona mwizi.

Kesho, kabla hamjakoroga zege, simama mbele ya walewale waliosikia ulichosema, umwambie, "Mzee, nilikukosea." Kisha mvute pembeni, mweleze kofia, mvuke na antena, usifiche kitu. Usingoje mkiwa njiani kwenda Mkuu. Atanuna? Labda mpaka saa ya chai. Na kuhusu kughairi, ondoa hofu. Mtu hapandi mpaka Rombo kumpigia goti kaka yake kwa sababu tu ya kibarua aliyejipaka rangi. Mzee alikuwa anautafuta mlango huo siku nyingi, wewe umeugonga bila kuona.

Jumapili nenda naye. Vaa shati, roketi ziache Soweto. Akishatoa jani, wewe nyamaza, hayo ni ya ndugu wawili. Ukikaribishwa mtori, kula umalize bakuli. Na Novemba lile vazi lifungashe vizuri, ubishe hodi kwako umelivaa, Sikudhani naye acheke.

Jani lako lilitangulia, maneno yamechelewa njiani. Kesho asubuhi yafikishe.